Rubondo nitarudi, ila si kwa wakala yule

Ukipanga kwenda Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, hangaika na boti kwanza. Malazi yatapatikana, kiingilio kinajulikana, raia tunalipa kwa shilingi na ni nafuu mno ukilinganisha na dola za wageni. Boti ndiyo itakayokutoa machozi.

Mimi na dada yangu tulimlipa wakala mmoja wa safari, jina lake naliacha, atupangie kila kitu. Tulilipia boti nzima, si viti viwili, kwa sababu dada ana matatizo ya mgongo na tulitaka kuvuka asubuhi kabla ziwa halijachafuka. Akatuambia twendeni Kasenda, kule Muganza wilayani Chato, maana ukitokea hapo unavuka kwa muda mfupi kuliko ukianzia Nkome. Hilo alisema kweli. Hilo tu.

Kasenda tukafika mapema. Boti hakuna, na hakuna aliyekuwa na habari zetu. Simu inaita, haipokelewi. Jua limeshapanda ndipo akapokea. Nikamwuliza kwa upole, "Kaka, boti yetu iko wapi?" Akanijibu, "Dada, kwani nyie si mnaingia kwa bei ya Watanzania? Tulieni hapo, kuna wageni wanakuja, mtapanda nao."

Mtu nimemlipa mimi, kwa pesa yangu, ananiambia nitulie nisubiri wageni! Nilitetemeka. Dada akaninyang'anya simu nisije nikamtukana.

Wageni wakaja alasiri, watu wastaarabu, wala hawakujua lolote. Upepo umeshaanza. Kila wimbi lilitumwagikia, na dada alikuwa amekumbatia mfuko wa vyakula, kwa kuwa kisiwani hakuna kijiji wala soko, unakwenda na chako. Tulipofungua mfuko, unga umeshikana kama udongo wa kufinyangia na viberiti vyote vimelowa.

Usiku ule niliapa kuandika: msiende.

Asubuhi yake nikaanza kulegea. Tulitembea kwa miguu na askari wa hifadhi ndani ya msitu, jambo ambalo Serengeti huwezi kulifanya hivi hivi, ila Rubondo hakuna simba wala chui. Mamba na viboko wapo, kwa hiyo majini usijaribu. Kwenye matete tukamwona nzohe, swala wa kwenye vinamasi, kwato zake ndefu zimepanuka juu ya tope, anatutazama tu bila haraka. Sokwe tuliwasikia kabla ya kuwaona. Hawa si wa asili pale. Mababu zao waliletwa na Bernhard Grzimek, mhifadhi wa wanyama wa Kijerumani, kati ya 1966 na 1969, kutoka walikokuwa wakifugwa Ulaya, wakaachiwa msituni wajitafutie. Wamejitafutia hasa. Dada alisahau mgongo, akawa anacheka peke yake huku kashika mti.

Basi nafuta kiapo, nendeni. Watanzania hasa tuende. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na bado ukimtajia mtu anadhani unasema jina la hoteli.

Lakini kadiri ninavyokisifu kisiwa ndivyo ninavyozidi kumkasirikia yule bwana. Mahali pazuri namna ile, halafu mwenye nchi anawekwa mchangani ajaze boti ya wengine! Tena siwashauri mtumie wakala kabisa. Ulizeni ofisi ya hifadhi kuhusu usafiri, mpate namba ya nahodha mwenyewe, mzungumze naye siku moja kabla, na risiti iandikwe wazi kama mmelipia boti nzima au kiti. Jaketi okozi pia muulize kabla hamjalipa. Yetu mbili zilikuwa hazina mikanda.

Pesa yetu hajarudisha. Ujumbe anausoma, hajibu, na mimi nitaendelea kumtumia.