Mama alivunjika pingili ya mgongo: mkanda, saruji na dripu ya mifupa, uzoefu wangu

Naandika kwa yeyote mwenye mzazi aliyevunjika pingili ya mgongo sababu mifupa imedhoofika, manake naona watu wanaulizia saruji tu, saruji tu (ile ya mifupa inayochomwa kwa sindano ndani ya pingili), wakati kwetu kilichosaidia zaidi ni kingine kabisa.

Mama hata hakuanguka, aliinama kunyanyua ndoo akasikia kitu kimekatika mgongoni akashindwa kunyooka. Eksrei ikaonyesha pingili ya kiunoni imebonyea kwa mbele. Hospitali ya kwanza wakampa dawa za maumivu wakasema ni uzee, basi. Hilo linaniuma mpaka leo jamani, mtu akivunjika mfupa kwa kuinama tu huo sio uzee, ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika, ina dawa, na mwanamke akishavunjika pingili ni karibu mmoja kati ya watano anavunjika nyingine ndani ya mwaka.

Mkanda wa mgongo ni mzuri ila usitegemee makubwa. Mwanzoni ulimsaidia kukaa na kutembea hadi chooni, baadae akawa anauvua kidogo kidogo ili misuli isilegee. Kulala kutwa nzima msikubali, mzee akilala sana misuli inaisha, mifupa inazidi kudhoofika, nimonia nayo iko jirani, damu inaweza kuganda miguuni. Dada wa fiziotherapia alitufundisha namna ya kuamka: anakunja magoti, anageukia ubavu mwili wote kwa pamoja bila kupinda kiuno, miguu inashuka huku mkono unasukuma godoro, ndo anakaa. Akifuata hivyo hata haguni, akijisahau akainuka moja kwa moja utasikia kelele mpaka sebuleni.

Saruji tuliiulizia sana, vertebroplasti ambayo wanaingiza saruji ya mifupa kwa sindano ndani ya pingili, na kaifoplasti ambayo wanatanguliza kwanza kiputo kinachojazwa ndani ya pingili kufungua nafasi ya saruji. Daktari wa pili alikuwa muwazi nikampenda bure. Alisema tafiti mbili za 2009 zililinganisha vertebroplasti na tiba ya kuigiza, yaani mgonjwa anachomwa ganzi ila saruji haiwekwi, na maumivu yakapungua karibu sawa kote kote. Ya Australia ya 2016 ikaona nafuu kwa wenye maumivu makali waliovunjika chini ya wiki 6, ya Uholanzi ya 2018 haikuona. Na saruji inaweza kuvuja nje ya pingili. Wengi wanapata nafuu kwa wiki 6 hadi 12, akasema tusubiri, maumivu yakigoma tupige picha ya MRI tuone kama jeraha bado bichi. Hatukufika huko.

Nyota 5 nampa dripu ya zoledroniki, dawa ya kuzuia mifupa isizidi kudhoofika, mara moja kwa mwaka. Walipima kwanza figo, kalsiamu na vitamini D, wakauliza na meno sababu mara chache sana dawa hizi zinaleta shida ya taya. Usiku ule alipata homa na mwili kuuma, tulishaambiwa, ikapita. Utafiti wa 2007 kwa wanawake waliokoma hedhi ulionyesha inapunguza kuvunjika pingili kwa asilimia 70 ndani ya miaka 3, ndo maana nasema hii ndo tiba yenyewe, mkanda na panadol ni kuvusha siku tu. Vidonge vya alendroneti vya kila wiki, navyo ni dawa ya mifupa, tuliviacha manake lazima ukae wima nusu saa bila kula, na mama kiungulia kinamtesa. Mkichagua denosumabu, sindano ya mifupa ya kila miezi 6, nawaomba msichelewe wala kuiacha bila dawa nyingine kuipokea, ukiiacha hivi hivi mifupa inashuka haraka na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo.

Sa hivi mama anatembea mwenyewe. Urefu umepungua, mgongo umepinda kidogo na hautarudi, daktari hakutuficha, na akikaa sana bado unamsumbua. Ila hajavunjika tena, na dripu nyingine imekaribia, vipimo vya figo tunavifanya wiki ijayo.