Ocean Sole Karen: nunua juu ni kazi safi, si juu unahurumia bahari

Kama uko Nairobi na unatafuta zawadi ya mtu mwenye kila kitu, enda Marula Lane pale Karen, kuna karakana ya Ocean Sole, wale wanachonga wanyama na patapata kuukuu zilizookotwa ufuoni. Najua ukisikia "sanaa ya takataka za baharini" unafikiria kitu kibaya kibaya hivi unanunua tu ndio usionekane mchoyo. Hapana, hii ni kazi ya fundi kabisa.

Wengi wao walikuwa wachonga mbao na inaonekana, hasa kwa shingo za twiga. Patapata zinaoshwa, zinabandikwa na gundi moja juu ya nyingine mpaka inakuwa donge nene, halafu kisu, halafu msasa, vumbi la rangi zote kila mahali. Mimi nilisimama hapo na kifaru kidogo mkononi nikikigeuza geuza, ubavuni ule mstari wa kijani unaanza mnene halafu unakonda mpaka unakaribia kuisha, kumbe ni kisigino cha patapata ya mtu kililika hivyo, labda wa Lamu labda wa huko Asia maana Bahari ya Hindi haina mpaka, inaleta ya kila mtu.

Hii kitu ilianzia Kiunga, kule juu karibu na Somalia, mwishoni mwa miaka ya 90. Julie Church alikuwa huko kwa mambo ya uhifadhi wa bahari akaona watoto wanajitengenezea toi na patapata zilizotupwa na maji. Na ufuo huo ndio kasa wanatagia, sasa takataka zikijaa vile vitoto vikianguliwa vinakwama mchangani kabla havijafika majini. (Msiwachanganye na Flipflopi, ile dau ya Lamu iliyovishwa patapata kama 30,000 ikaenda mpaka Zanzibar 2019, hao ni watu wengine, ingawa ugonjwa ni uleule.)

Bei si ya mitumba ya Gikomba, nakuambia mapema. Lakini ukishaona mtu amekaa na sikio moja la ndovu muda wote huo unaacha kuuliza discount. Ushauri wangu chukua wadogo. Wale wakubwa kama twiga wa kukuzidi urefu ni wa kupiga picha na wa hoteli, na ndani wanajazwa styrofoam iliyotumika, ile nyeupe nyepesi ya kufungashia vitu, ndio wasiwe wazito, lakini mdogo ni patapata tupu, mtoto anaweza kumrusha ukutani na hakuna kitu kitavunjika, akichafuka unamwosha na sabuni basi. Usimwanike dirishani jua likimpiga siku nzima, rangi zitapauka.

Ile imeniudhi ni duka moja la zawadi, halina uhusiano na hawa, waliniuzia kasa wakaapa ni "ya baharini", kufika nyumbani namwosha rangi inabaki kwa taulo. Ilikuwa sponji mpya imepakwa tu. Kwa hivyo kabla utoe pesa mgeuze mnyama, angalia tumbo, kama huoni matabaka na mistari ya gundi na rangi zisizofanana mrudishie mwenyewe. Ya ukweli rangi iko mpaka ndani, hata ukikata.