Viatu vya kushonewa Newala: kipupwe hiki miguu yangu imepata stara

Anayeijua Newala mwezi wa saba anaijua baridi yake. Asubuhi ukungu unapanda kutoka Shimo la Mungu, lile bonde refu la huku kwetu, na upepo unakupenya hata ukijifunga vitenge viwili. Kipupwe cha mwaka jana nilisogeza miguu kwenye jiko la mkaa nipate joto. Nina kisukari, huu mwaka wa 11, na nyayo zimeshaingia ganzi. Sikusikia lolote mpaka mjukuu aliposema, "Bibi, kuna kitu kinaungua." Kidonda kile cha kisigino kilichukua miezi minne kufunga.

Mwaka huu nikamwendea fundi viatu wa karibu na stendi, nikataka viatu vya kufunika, si sendo. Akaniambia, "Mwalimu, njoo saa kumi jioni, miguu ikiwa imeshajaa." Kweli, mguu wa asubuhi unadanganya. Alinisimamisha juu ya boksi, akachora mguu mmoja mmoja, kwani wa kushoto ni mpana zaidi. Mbele kaacha nafasi, vidole havibanani. Soli ya mpira, ndani sponji laini, na hakupiga msumari hata mmoja: gundi na uzi tu. Nimelipa 45,000.

Aliahidi wiki moja, nikasubiri tatu. Hilo nilimsamehe. Lililonitisha ni siku ya pili: navua soksi, naona doa la damu kwenye kidole kidogo. Ndani kulikuwa na mshono umetokeza, nami nimetembea nao toka sokoni sina habari. Nashukuru huvaa soksi nyeupe za pamba zisizobana juu. Kwenye nyeusi lile doa nisingeliona. Nikaosha kwa maji safi, nikafunika kwa bandeji, kesho yake nikaenda kliniki wakague. Fundi hakubisha. Alifumua, akabandika ngozi nyororo juu ya mshono, akapitisha kidole chake kila kona ndipo akanirudishia. Hakunitoza kitu.

Hii ni wiki ya sita. Naenda navyo mpaka shambani kusimamia upuliziaji wa mikorosho, na jioni nikigeuza nyayo mbele ya kioo naona ngozi nzima.

Mwenye kisukari nampeleka kwa huyu fundi bila wasiwasi. Mwambie mapema kwamba una ganzi. Vikiwa vipya, vaa kwa muda wa saa moja tu ukiwa nyumbani, vua, kagua. Na kila asubuhi ingiza mkono ndani kabla ya mguu. Juzi nimetoa ganda la korosho.