Mutrah kwa siku moja: cha kufanya na cha kuacha meli ikifunga gati Maskati

Meli nyingi za kitalii zinazozunguka Ghuba huweka Maskati kwenye ratiba, lakini abiria anaposhuka hajafika Maskati hasa. Amefika Mutrah, mji wa soko ulio pembeni yake, na hiyo ni bahati. Dubai ukishuka melini kila kitu kinadai gari. Hapa, kutoka lango la bandari, soko la samaki, soko kuu, ngome na vibanda vya chai vyote viko kwenye barabara moja ya pwani ambayo mtu mzima huimaliza kwa miguu bila haraka. Kwa mtu anayetaka kutembea na kuchungulia maduka kwa nafasi yake, hakuna bandari ya Ghuba inayoishinda.

Kasoro yake kubwa ni saa. Mutrah hulala mchana. Maduka ya soko kuu hufungwa kuanzia kama saa 7 mchana mpaka saa 10 au 11 jioni, na Ijumaa asubuhi mengi hayafunguki kabisa. Anayepata kifungua kinywa kwa starehe, akashuka saa 5, akapanda gari kwenda mbali kwanza, hurudi sokoni akute milango ya mbao imefungwa na paka wamelala vizingitini. Baadhi ya maduka hukaa wazi meli ikiwa gatini, ila ni yale ya mbele yanayouza skafu na sumaku za friji. Kwa hiyo hesabu siku yako kwa vipande viwili, asubuhi na jioni, katikati kuna pengo.

Bandari ya Sultan Qaboos iliacha kazi ya mizigo ya makontena mwaka 2014, kazi hiyo ikahamishiwa bandari ya Sohar, na sasa ni ya meli za abiria na boti. Hata hivyo kutembea kwa miguu ndani yake hairuhusiwi. Basi la bure huchukua watu kwenye ngazi ya meli na kuwashusha langoni. Safari ni dakika chache tu, lakini katika saa ya kwanza foleni ya basi huwa ndefu kuliko safari yenyewe. Beba kadi ya meli na kitambulisho au nakala ya pasipoti kama meli ilivyoagiza, na uliza ofisi ya meli siku moja kabla kuhusu kibali cha kushuka, kwa sababu utaratibu hutofautiana kwa pasipoti na kwa abiria na wahudumu. Wahudumu wa meli wenzetu, na wako wengi siku hizi kutoka Mombasa na Dar, wana muda mfupi zaidi: kwao ushauri ni kusahau kila kitu kilicho nje ya barabara ya pwani.

Nje ya lango kuna madereva wa teksi, magari meupe yenye rangi ya machungwa, na hapo ndipo pesa hupotea. Mtego ni wa sarafu. Dereva akisema "ishirini", abiria anasikia dola 20. Yeye anasema riali, na riali moja ya Oman ni kama dola 2.60, kwa hiyo umekubali dola 52. Kabla hujafungua mlango malizeni mambo manne: sarafu gani, bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, ni kwenda tu au na kurudi, na kusubiri kumo au hakumo. Ukiwa na intaneti, programu ya OTaxi hukuonyesha bei mapema. Njia nyepesi kuliko zote ni kuwapita kwa salamu, ukate kuelekea barabara ya pwani. Soko kuu liko mwendo wa dakika 15 hivi.

Riali hugawanywa kwa baisa 1,000, si senti 100, kwa hiyo bei ya 1.500 ni riali moja na nusu. Ukirudishiwa chenji, tazama noti. Matoleo ya kabla ya 2020 yaliondolewa kwenye matumizi mwisho wa 2024, na mgeni mwenye saa tano za kukaa nchini hana muda wa kwenda kubishana benki.

Anza na soko la samaki. Lilifunguliwa 2017, jengo jeupe lililochorwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway, lenye paa la vipande vya alumini linalotupa vivuli vyembamba sakafuni. Uzuri wake ni kabla ya saa 3 asubuhi, nguru na jodari wakiwa wamelazwa mezani na visu vikigonga mbao. Saa 5 ni sakafu inayomwagiwa maji. Vaa viatu vya kufunika, kandambili zitalowa.

Halafu soko kuu. Wenyeji wa zamani waliita sehemu yake soko la giza, kwa vile vichochoro vimeezekwa na jua halifiki. Kichochoro kikuu kinapanda taratibu kutoka baharini kwa sababu kimejengwa kwenye mkondo wa bonde. Mvua kubwa ikinyesha milimani maji hupita humu humu. Kanuni ni kwamba thamani huongezeka kadiri unavyoacha njia kuu. Mita mia za mwanzo ni bidhaa ambazo ungezikuta katika soko lolote la watalii, nyingi zikitoka India na China. Pinda kushoto au kulia na harufu inabadilika.

Ubani ndio wa kununua hapa, kwani mti wenyewe unaota Dhofar, kusini mwa nchi hii hii. Wauzaji huupanga kwa daraja, na daraja la juu huitwa hojari. Usisikilize jina, kila mfuko sokoni ni hojari. Chukua kipande ukiinue kwenye mwanga: mzuri ni mweupe unaoelekea kijani au buluu hafifu, unaopitisha mwanga, vipande vikubwa visivyo na gamba la mti. Wa bei nafuu ni wa kahawia au mwekundu, una unga na vigamba. Kisha tafuna kidogo. Ubani safi hupondeka, halafu hushikamana mdomoni kama chingamu, ladha yake ya ndimu na msonobari. Ukibaki chengachenga kama mchanga au ukipaka rangi ulimi, rudisha. Nunua gramu 100 za mzuri kuliko nusu kilo ya takataka, maana kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha kufukiza chumba.

Vyetezo vya udongo vyenye rangi ni vizuri lakini huvunjika, omba vifungwe kwa gazeti mara mbili. Makaa ya kuwaka haraka yaache. Yana kemikali ya kuyasaidia kushika moto, meli nyingi huyachukua mlangoni, na ndege haziyataki kabisa. Chetezo cha umeme nacho kitashikiliwa, kwa kuwa kina waya wa moto. Na ubani wenyewe usiwashwe chumbani melini hata kwa kujaribu tu: king'ora cha moshi kitawaamsha majirani wote wa korido.

Halua ni jambo la pili. Anayejua halua ya Unguja au Lamu atatambua ndugu wa damu: wanga, sukari, samli, hiliki, maji ya waridi, lozi au korosho, vikikorogwa kwa saa nyingi ndani ya sufuria ya shaba. Ya Oman huwa na zafarani zaidi na ni laini zaidi. Nyeusi imetokana na sukari ya kahawia, ya manjano ina zafarani. Omba kuonja, hakuna anayekataza. Nzuri hung'aa kwa samli bila kuacha dimbwi la mafuta kando, na kijiko kikitoka huacha ukingo safi. Ikivutika kama gundi, wanga haujaiva. Bei ni ya kilo na haipunguzwi sana. Haihitaji friji, friji huigeuza jiwe. Ukirudi kwa ndege iweke kwenye begi la chini, kwani mkaguzi anaweza kuihesabu kuwa kitu cha majimaji na ikaishia pipani.

Kofia, ambayo Waomani huiita kumma, inastahili macho ya karibu. Igeuze ndani nje. Ya mkono, kama kofia yetu ya viua, kila kitobo kimezungushiwa uzi na upande wa ndani ni msafi karibu sawa na wa nje. Ya mashine ina nyuzi zinazoning'inia ndani na kitambaa kigumu kilichobandikwa. Tofauti ya bei ni kubwa sana na ni ya haki, kwani ya mkono huchukua wiki kadhaa. Pima kichwani, kofia hizi hazitanuki.

Fedha huuzwa kwa uzito pamoja na ufundi, kwa hiyo omba iwekwe kwenye mizani mbele yako. Ukionyeshwa sarafu ya fedha ya Maria Theresa, aliyekuwa mtawala wa Austria, na kuambiwa ni ya kale kwa sababu imeandikwa 1780, tabasamu. Sarafu hizo zimeendelea kupigwa kwa mwaka huo huo wa 1780 kwa vizazi, na ndizo zilizotumika pande zote mbili za bahari, Oman na pwani yetu. Jambia ni pambo zuri, lakini ni silaha: walinzi wa ngazi watalishikilia hadi mwisho wa safari na kukupa risiti. Lenye mpini wa pembe ya kifaru usiliguse, biashara yake ni haramu kimataifa.

Kwenye mapatano, anza na nusu kwa mapambo, kidogo chini tu kwa ubani mzuri. Wauzaji wengi ni Wahindi na Wabangladeshi, lakini ukimkuta mzee Mwomani kwenye duka la ndani, salimia kwa Kiswahili. Familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zilihamia huku baada ya mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970, na Kiswahili bado kinasemwa nyumbani. "Shikamoo" hapa hupunguza bei kuliko ubishi wa robo saa, na mara nyingi huleta kikombe cha kahawa.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, ndio sehemu pekee ambapo tungelipia basi la meli. Uko zaidi ya kilomita 20 kutoka bandarini, na wasio Waislamu huruhusiwa saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Meli ikifunga gati baada ya saa 3, achana nao: foleni ya basi, msongamano wa barabara na foleni ya mlangoni vitamaliza muda. Wanawake wafunike nywele, mikono hadi kiganja na miguu hadi kifundo. Wanaume suruali ndefu. Nguo inayobana hurudishwa, na kuazima vazi mlangoni ni gharama nyingine. Zulia la ukumbi mkuu, mita 70 kwa 60, lilifumwa Iran na wageni hupita juu ya njia ya kitambaa iliyotandikwa, si juu ya zulia lenyewe. Ukienda, soko liwe la jioni.

Pengo la mchana lina majibu mawili. Mvivu arudi melini ale, chakula amekwisha kukilipia. Mwenye nguvu aende Maskati ya zamani, kilomita chache mashariki, kwenye Makumbusho ya Taifa mkabala na Al Alam, kasri la Sultani. Juu ya bahari pale zimekaa Jalali na Mirani, ngome ambazo Wareno walizijenga upya miaka ya 1580, si zamani sana kabla ya kuanza Fort Jesus mwaka 1593. Walifukuzwa hapa 1650, na Waomani hao hao wakaichukua Mombasa 1698. Ijumaa hakikisha saa za kufungua kabla ya kulipa teksi.

Jioni rudi barabara ya pwani. Chai ya karaki, yaani chai ya maziwa iliyokolea, ni chini ya nusu riali, na mishkaki ya mkaani huitwa karibu hivyo hivyo, mishkak. Lango lenye walinzi karibu na msikiti wa kuba la buluu ni mtaa wa Walawati, jamii ya wafanyabiashara Waomani, watu wanaishi humo, wageni hawaingii. Ngazi za ngome ya Mutrah ni kali na hazina kivuli, zipande jua likishuka tu.

Tangazo la kurudi melini huandikwa kwa saa ya Kizungu: 16:30 ni saa 10 na nusu jioni, na wapo waliosoma 05:00 wakaelewa saa 5. Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki, na meli nyingine haibadilishi saa yake hata kidogo. Piga picha saa ya ukutani pale mapokezi unaposhuka, ulinganishe na simu. Basi la mwisho la lango nalo hupata foleni, kwa hiyo uwe langoni dakika 45 kabla, mfuko wa halua umefungwa vizuri, kwa kuwa mashine ya ukaguzi huulaza ubavu.