Oili gani kwa gari la haibridi? Galoni tatu mezani

Karibuni sana ndugu watazamaji. Hapa mezani nina galoni tatu za oili, na majina ya kampuni nimeyafunika kwa karatasi makusudi, maana leo sitaki tubishane kuhusu kampuni. Ya kwanza ni 0W-16, na mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni maalumu kwa haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Ya pili ni 0W-20 sintetiki, neno haibridi halimo popote. Ya tatu ni 15W-40, ile oili nzito ambayo mafundi wengi wameizoea miaka nenda rudi.

Kabla sijafungua hata moja, tazameni picha hii. Hiki ni kifuniko cha kujazia oili cha gari langu, Toyota Prius ya kizazi cha tatu, injini lita 1.8. Upande wa ndani mnauona huu utando wa rangi ya maziwa, unateleza kama losheni? Siku nilipoukuta moyo ulinilipuka. Nilijua gasketi ya silinda hedi imekwisha na maji yanaingia kwenye oili. Nikawa napima kulanti, yale maji ya kupozea injini, kila asubuhi injini ikiwa baridi, wiki nzima, haikupungua hata tone. Kumbe tatizo lilikuwa safari zangu. Nilikuwa natembea dakika kumi, nazima. Dakika kumi tena, nazima. Injini ilikuwa haipati moto wa kutosha.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani haibridi inaitesa oili kwa joto, kwa hiyo tunatafuta oili nzito ya kuvumilia. Mimi nasema adui mkubwa wa oili kwenye gari hili ni ubaridi. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita nzima, yakiwa mvuke. Mengi hutoka kwenye ekzosi, lakini kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Gari la kawaida likitembea nusu saa, oili inapata moto na hayo yote yanafukuzwa. Haibridi kwenye foleni inawaka, inazima, mota ya umeme inaendelea na kazi, injini inapoa, halafu inawaka tena. Maji yanabaki humo humo.

Kwa hiyo tunataka oili ya namna gani? Kwanza, inayokimbia haraka injini inapowaka ikiwa baridi. Namba ya kwanza, hiyo 0 yenye W, ndiyo inayoeleza tabia ya oili kwenye baridi. Namba ya pili, 20 au 40, inaeleza uzito wake ikiwa imefika nyuzi 100. Jamani, hili nalirudia kwa sababu linapotosha watu wengi: 0W-20 na 5W-20 zikishapata moto ziko kwenye kundi moja la uzito. Anayekwambia 0W ni maji matupu kwenye joto anasoma namba isiyohusika.

Pili, tunataka oili inayoweza kubeba maji hayo bila kuyaacha yajitenge na kula vyuma. Hapa nawaomba mtazame alama, msitazame picha ya gari kwenye galoni. Kuna duara la API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, ndani yake mnaona SP, daraja lililoanza Mei 2020, au SQ, lililofuata 2025. API haina daraja la haibridi. Halipo. Lakini kuna alama nyingine ya ILSAC, kiwango cha oili kilichowekwa na watengenezaji wa magari, yenye umbo la jua lenye miale kwa oili kama 0W-20, na umbo la ngao kwa 0W-16. Oili yenye alama hiyo imepita, pamoja na majaribio mengine, jaribio la kuchanganywa na maji na petroli yenye ethanoli, kisha kuangaliwa kama maji yatajitenga. Kwangu mimi hilo jaribio lina thamani kuliko neno haibridi lililoandikwa kwa rangi ya kijani.

Sasa galoni zetu. Hii ya 0W-16 ina ngao, ni oili nzuri, na kama una Camry haibridi ya kuanzia 2018 inayotaka 0W-16, chukua. Ila gari langu halikuundwa kwa oili nyepesi kiasi hicho, na neno haibridi halibadilishi jambo hilo. Prius ya kizazi cha pili ilitakiwa 5W-30, kizazi cha tatu 0W-20, na zipo haibridi mpya zinazotumia hadi 0W-8. Zote ni haibridi! Kitabu cha gari ndicho kinachojua.

15W-40 sina ugomvi nayo, ina magari yake. Angalieni nikiimimina kwenye glasi kando ya 0W-20: 0W-20 imeshafika chini, 15W-40 bado inajivuta. Na hapa ndani hakuna baridi kali. Sasa fikirieni injini inayowashwa mara nyingi ndani ya safari moja ikisubiri oili hiyo ifike juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Wala usitarajie kuona jua la ILSAC kwenye galoni ya 15W-40, uzito huo haumo kwenye kiwango hicho.

Kama 0W-20 imekosekana kabisa, vitabu vingi vya Toyota vinaruhusu 5W-20, kwa sharti kwamba ukimwaga oili mara inayofuata unarudi kwenye 0W-20.

Halafu kuna hoja hii: "Injini ilikuwa imezima nusu ya safari, kwa hiyo oili yangu bado mpya." Hapana ndugu yangu. Maji na petroli havisomi kilomita. Kitabu kinataja kilomita na miezi, na kinachotangulia ndicho cha kufuata. Kwa mtu wa safari fupi, mara nyingi miezi itatangulia. Mimi sasa kila wiki nalipeleka gari safari moja ndefu, saa nzima hivi, na ule utando haujarudi.

Haya, namimina 0W-20. Gari langu linachukua lita 4.2 pamoja na filta mpya. Tafadhali sana, kabla hujaingiza mkono chini ya boneti, hakikisha taa ya READY imezimika kwenye dashibodi. Gari kuwa kimya si dalili kwamba limezimwa, injini inaweza kuwaka yenyewe mkono wako ukiwa humo ndani.

Nimeiwasha ikapata moto, nimeizima, dakika tano zimepita, gari liko sehemu tambarare. Nachomoa kijiti, nakifuta, nakirudisha hadi mwisho, nakichomoa tena. Sogeza kamera hapa. Iko chini kidogo ya alama ya juu, rangi ya asali. Siongezi kitu.