ORBIS: Ramani Inayopima Masafa kwa Siku na kwa Fedha

Mwalimu wa historia hapa Mombasa anayetafuta chombo cha kidijitali chenye manufaa darasani aijaribu ORBIS ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyotolewa mwaka 2012 na mwanahistoria Walter Scheidel akishirikiana na Elijah Meeks. Ni tovuti ya bure inayokokotoa safari katika Dola ya Roma jinsi ilivyokuwa yapata mwaka 200 Baada ya Kristo. Huchaguliwa mji wa kuondokea, mji wa kufikia, majira ya mwaka, na kama msafiri anataka njia ya haraka, nafuu au fupi. Jibu huja kwa siku na kwa denari.

Chagua Roma hadi Aleksandria ya Misri wakati wa kiangazi cha huko, yaani katikati ya mwaka, kisha ugeuze safari. Bahari ni ile ile, lakini kurudi huchukua siku nyingi zaidi, kwa kuwa pepo za majira hayo huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Jambo ambalo mtoto aliyekulia baina ya kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa mara mbili. Ukilinganisha tena gharama ya kusafirisha ngano kwa meli na kwa mkokoteni wa ng'ombe, utaona jinsi bandari ya ng'ambo ilivyoweza kuwa karibu na Roma kuliko mji wa bara. Vilevile ramani yenyewe inaweza kupangwa upya, miji ikasogea kufuata muda au gharama, na hapo hoja huonekana kwa macho.

Pana la kutahadhari. Bei za msingi zimetokana na amri ya kudhibiti bei iliyotolewa na Mfalme Diocletian wa Roma mwaka 301, karne moja baada ya kipindi kinachochorwa, na matokeo ni wastani, si shajara ya msafiri. Maelezo nayo ni ya Kiingereza.

Upungufu mkubwa kwetu ni kwamba Bahari ya Hindi haimo, ilhali wafanyabiashara kutoka Misri ya Kirumi walifika pwani hii. Atakayeiundia bahari yetu chombo kama hiki asihesabu siku za tanga peke yake: nahodha aliyeingia Mombasa na kaskazi hakurudi Uarabuni mpaka kusi ianze, na biashara, madeni na hata ndoa zilifungwa katika miezi hiyo ya kungoja.