Fludrokotisoni 0.1 mg: kidonge cha kushika chumvi

Kwa mgonjwa wa Addison, ambaye tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, hazitoi vya kutosha aldosteroni, homoni ya kushika chumvi mwilini, kidonge hiki hakina mbadala wa maana. Huzifanya figo zirudishe sodiamu kwenye damu, maji yakafuata, na potasiamu ikatoka kwa mkojo. Mtu mzima kwa kawaida humeza 0.05 hadi 0.2 mg, mara moja, asubuhi.

Kinachokera ni utunzaji: baadhi ya matoleo hutaka friji, nyuzi 2 hadi 8, mengine hukaa kabatini. Soma boksi kila unapobadilishiwa.

Dozi ikiwa ndogo, mgonjwa huona kizunguzungu akisimama, hutamani chumvi, na potasiamu hupanda. Ikizidi, miguu huvimba, presha hupanda, potasiamu hushuka na misuli kulegea. Presha ipimwe amelala, kisha akiwa amesimama dakika 3. Kipimo cha presha ya kukaa tu huficha tatizo. Kipimo cha damu cha renini, kimeng'enya cha figo kinachohusika na chumvi na presha, husaidia kurekebisha dozi.

Spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayozuia aldosteroni, hukipinga kidonge hiki moja kwa moja. Na hakifanyi kazi ya haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo: mgonjwa akitapika mfululizo, anahitaji sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100 kwa mtu mzima, na hospitali haraka.